Namba tasa ipi tuichukue: 65537, 1000000007, 2147483647 au ile ya tarakimu 39?

Kibarazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga mjini, kuna mabishano ya wiki mbili sasa, na safari hii si ya mpira. Vijana wa kidato cha 5 na cha 6 ninaowafundisha hisabati jioni wanataka namba tasa moja kubwa iwe ya darasa letu mwaka huu. Ina kazi tatu. Kwanza, tuthibitishe kwa mikono yetu kwamba ni tasa kweli, tusiambiwe tu. Pili, wale wanaojifunza kuandika programu waitumie kwenye kazi zao. Tatu, ichorwe ukutani kwa rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta haifutiki kirahisi, ndiyo maana watu wamekaza shingo.

Walianza na namba kumi na kitu, zikachujwa, zikabaki nne. Kila moja ina wakereketwa wake. Nimeombwa niamue, na badala ya kuamua kwa mdomo nimeona niziweke zote mezani, maana walimu na vijana wengine wenye swali hilihilo najua wapo.

Ila kwanza neno lenyewe. Jumamosi iliyopita vijana walikuwa uani wanapigiana kelele, "Hii tasa! Na hii tasa! Ile si tasa, ina kigawo!" Mama jirani anayekaanga mihogo akaja hadi mlangoni, mwiko mkononi: "Mwalimu, hao watoto wanamsema nani?" Ikabidi nitoke nieleze kwamba ni namba, si mtu. Alinielewa, lakini akasema aliyelichagua neno hilo hakuwa na adabu. Simlaumu. Hata hivyo neno limeshika: namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na inayogawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu. Mtoto wa Ngamiani analielewa upesi kwa sababu barabara zetu zinaitwa kwa namba. Ukitoka Barabara ya 13 ukaenda ya 17 umetoka kwenye tasa ukaingia kwenye tasa, na njiani umezipita tatu zisizo tasa.

Msimamo wangu nauweka hapahapa mwanzoni: ukubwa si kigezo. Anayepanga chumba uswahilini haulizi ukubwa kwanza, anauliza nani anakaa pembeni. Namba tasa yenyewe haina cha kukuonyesha, maana haifunguki. Habari zake unazipata kwa jirani wa chini, yaani ukitoa 1, na kwa jirani wa juu, yaani ukiongeza 1. Hao majirani si tasa, wanafunguka, na kilichomo ndani yao ndicho kinachoamua namba hiyo itakufaa kwa kazi gani.

| Namba | Tarakimu | Jirani wa chini | Jirani wa juu |
|---|---|---|---|
| 65537 | 5 | 2^16 | 2 × 3^2 × 11 × 331 |
| 1000000007 | 10 | 2 × 500000003 | 2^3 × 3^2 × 7 × 109^2 × 167 |
| 2147483647 | 10 | 2 × 3^2 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331 | 2^31 |
| 2^127 − 1 | 39 | mlolongo mrefu unaoanza 2 × 3^3 × 7^2 × 19 | 2^127 |

(Alama ya ^ ni kipeo: 2^16 ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 16.)

Kuithibitisha kwa mkono

Njia ya kila mtu ni kugawa kwa namba tasa zote hadi kwenye kipeuo cha pili. Ikikataa zote, ni tasa. Kwa 65537 kipeuo cha pili ni 256 na chembe, na chini ya 256 kuna namba tasa 54. Migawanyo 54 ni kazi ya kipindi kimoja. Lakini jirani wa chini anatupunguzia.

Fikiri hivi. Tuseme kuna namba tasa q inayoigawa 65537, yaani 2^16 + 1. Basi ukizidisha 2 kwa 2 kwa 2 huku ukihesabu baki za q tu, kwenye hatua ya 16 utafika kwenye −1, na kwenye hatua ya 32 utarudi kwenye 1. Huo ni mzunguko wa hatua 32 kamili. Kanuni iliyoachwa na Fermat, mwanahisabati wa zamani, inasema mzunguko wa namna hiyo lazima uigawe q − 1. Kwa hiyo q ni 32 zidisha kitu, ongeza 1: 33, 65, 97, 129, 161, 193, 225. Kati ya hizo tasa ni 97 na 193 peke yake. Gawa 65537 kwa 97, unabaki na 62. Gawa kwa 193, unabaki na 110. Kazi imekwisha, migawanyo miwili!

Baadaye Lucas, mwanahisabati mwingine, aliikaza kanuni hiyo: si 32, ni 64. Basi 97 nayo inatoka, unabaki na mgawanyo mmoja tu, ule wa 193. Sijaona namba nyingine ya tarakimu 5 inayomfungua macho mwanafunzi namna hii. Fermat alidhani kila namba ya ukoo huu itakuwa tasa: 3, 5, 17, 257, 65537 na kuendelea. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaichukua inayofuata, 4294967297, akaonyesha ni 641 × 6700417. Kwa kanuni ya mzunguko hakuhitaji kwenda mbali, kwani kwa namba hii mzunguko ni wa hatua 64, na 641 ni 64 × 10 + 1.

Kwa kazi ya kwanza, basi, 65537 inashinda kwa urahisi. Tatizo ni kwamba vijana wanasema ni ndogo, na kwa tarakimu 5 siwezi kuwabishia sana.

2147483647 ni tamu zaidi kwa darasa lenye subira. Ni 2^31 − 1. Kipeuo chake cha pili ni 46340 na ushee, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 4792. Hakuna darasa la jioni litakalogawa mara 4792. Ila mzunguko upo tena: kama q inaigawa 2^31 − 1, basi 2 inarudi kwenye 1 baada ya hatua 31, na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa hakuna mzunguko mfupi zaidi ya huo. Kwa hiyo 31 inaigawa q − 1. Ongeza sharti lingine, kwamba 2 lazima iwe kipeo cha pili cha kitu fulani kwenye baki za q (ni kweli, kwa kuwa 2^32 inaacha baki 2, na 2^32 ni 2^16 kwa 2^16), nalo linailazimisha q ikigawanywa kwa 8 ibaki 1 au 7. Unganisha masharti yote, q inakuwa 248n + 1 au 248n + 63, basi. Ndivyo Euler alivyoandika kwenye barua ya mwaka 1772.

Hesabu ngapi zipo za sura hiyo hadi 46340? 372, ukiacha 63 yenyewe ambayo inajulikana si tasa. Tulikuwa watu 12. 372 kugawa kwa 12 ni 31, kila mtu 31, na 31 ile kutokea tena iliwachekesha wote. Tulitumia Jumamosi mbili. Vikokotoo vidogo vya tarakimu 8 havifai, namba yenyewe ina tarakimu 10. Azima vile vya dukani vya tarakimu 12. Kila mmoja aligawa, akachukua sehemu nzima, akazidisha kurudi, akatoa, akaandika baki. Kijana mmoja aliruka juu akidai amepata kigawo. Tulipozidisha kurudi ikakataa, alikuwa ameibonyeza namba vibaya. Wenye akili walianza kwa kufuta kwenye orodha zile zinazogawanyika kwa 3, 5 na 7, wakamaliza mapema wakaenda zao kunywa kahawa.

Namba hiyo ilikuwa tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani kwa miaka mingi. Ndani ya Jumamosi mbili, kwa vikokotoo vya kuazima, tulirudia kazi ya Euler kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo peke yake kwangu lina uzito kuliko tarakimu 39.

1000000007 hapa inashindwa vibaya. Ni bilioni moja na 7, na ni tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu 10. Kipeuo chake cha pili ni 31622 na ushee, namba tasa za kujaribu ni 3401, na hakuna njia ya mkato. Ukimgeukia jirani wa chini akusaidie, unamkuta ni 2 × 500000003, na huyo 500000003 naye inabidi kwanza umthibitishe. Umehamisha mzigo kutoka kichwani kwenda begani. Kwa kompyuta ni sekunde isiyohesabika, kwa mkono achana nayo.

Ile ya tarakimu 39, yaani 170141183460469231731687303715884105727, Lucas aliithibitisha mwaka 1876 bila kugawa hata mara moja kwa mtindo wa kawaida. Jaribio lake, ambalo Derrick Lehmer alilinyoosha mwaka 1930, ni rahisi kusimulia: anza na 4; zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, chukua baki; rudia. Kwa 2^p − 1 unarudia mara p − 2, na ukifika kwenye 0 namba ni tasa. Tuijaribu kwa 31, ambayo ni 2^5 − 1: 4, kisha 14, kisha 194 ambayo inabaki 8, kisha 62 ambayo inabaki 0. Hatua tatu, ni tasa. Kwa 127, ambayo ni 2^7 − 1: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Watoto hupenda pale 111 inapozaa 12319, na 12319 ni 127 × 97 bila chenji.

Kwa namba ya Lucas hatua ni 125, na kila hatua ni kuzidisha namba ya hadi tarakimu 39 kwa yenyewe. Kwa mkono hapana. Kwa mistari mitano ya Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu jibu linatoka kabla hujaishusha simu. Kwa hiyo darasani utaionyesha kwa wadogo zake, halafu mashine imalizie. Ni uthibitisho halali, ila si wa mikono yetu, na sharti letu la kwanza lilikuwa mikono.

Kwenye programu

Hapa upepo unageuka. Wanaoandika programu hawaitaki namba tasa kwa uzuri wake, wanaitaka iwe saa. Saa ya ukutani ina vyumba 12: saa 10 ukiongeza saa 5 ni saa 3. Programu nyingi hufanya hesabu kwenye saa yenye vyumba bilioni moja na 7, na ukitazama mashindano ya kuandika programu utaona maswali mengi yanaishia na maneno "toa baki la kugawa kwa 1000000007".

Kwa nini hiyo? Sababu ya kwanza ni ya kifundi kabisa. Namba kamili ya kawaida ya biti 32 kwenye kompyuta (biti ni tarakimu ya kompyuta, 0 au 1) haivuki 2147483647 (ndiyo, mshindani wetu mwenyewe). Baki mbili za 1000000007 zikijumlishwa haziwezi kuzidi 2000000012, basi zinaenea. Ukizizidisha unapata kitu cha karibu bilioni ya bilioni, nacho kinaenea kwenye biti 64. Sasa chukua 2147483647 kama saa yako. Baki mbili kubwa zikijumlishwa zinafurika papo hapo na jumla inatoka hasi. Hili lilinikuta mwenyewe: niliandika kiprogramu cha kutoa namba za uanachama, na mwanachama wa kwanza kabisa akapewa namba yenye alama ya kutoa. Nilitafuta kosa usiku mzima kwenye orodha ya majina, kumbe lilikuwa kwenye kujumlisha.

Sababu ya pili ni jirani. Jirani wa chini wa 1000000007 ana vigawo vinne tu: 1, 2, 500000003 na yeye mwenyewe. Mzunguko wa namba yoyote kwenye saa hiyo lazima uwe mmoja kati ya hivyo. Yaani ukiacha 1 na ile ya mwisho, 1000000006, hakuna namba yenye mzunguko mfupi: ama hatua 500000003 ama 1000000006. Ukizidisha 2 kwa 2 kwa 2, utarudi kwenye 1 baada ya hatua 500000003. Ukitumia 10 ni zaidi, inapita vyumba vyote, na ndiyo maana ukigawa 1 kwa 1000000007 desimali zake zinaanza kujirudia baada ya tarakimu 1000000006, ndefu kadiri inavyowezekana. Ni kama 1 kugawa kwa 7, ambayo inatoa 142857 kisha inajirudia. Tarakimu 6, pungufu ya 7 kwa moja.

Linganisha na 2147483647. Hapo 2 inarudi kwenye 1 baada ya hatua 31. Thelathini na moja! Saa ina vyumba zaidi ya bilioni mbili na 2 inatembelea 31 tu. Waja leo waondoka leo, kama tunavyojisifu Tanga. Hili si la kuchekea ukiwa unatengeneza alama ya kidole ya maandishi: kila herufi inapewa namba, inazidishwa kwa uzito unaokua kutoka nafasi hadi nafasi, vyote vinajumlishwa, na baki ndiyo alama. Ukichagua uzito uwe vipeo vya 2, herufi ya 1 na herufi ya 32 zina uzito uleule. Mtu akizibadilisha nafasi, alama haibadiliki, na programu yako itaapa kwamba hati haijaguswa.

Basi 2147483647 haifai programu? Inafaa, ila ujue unafanya nini. Ina fadhila moja kubwa: kutafuta baki lake hakuhitaji kugawa. Kumbuka shule ya msingi tulivyotafuta baki la 9 kwa kujumlisha tarakimu. Hiyo inawezekana kwa sababu 9 ni pungufu ya 10 kwa moja. 2147483647 ni pungufu ya 2^31 kwa moja, kwa hiyo kompyuta inaikata namba kila baada ya biti 31 na kujumlisha vipande. Ujanja huohuo unafanya kazi kwa 2^127 − 1.

Na kuna kazi moja ambayo 2147483647 haina mpinzani kati ya hizi nne: kura. Akina mama wa mtaani wana mchezo, ule wa kuchangiana na kupokezana, na kila mzunguko mpya kuna manung'uniko kuhusu nani kapangwa wa kwanza. Vijana wakapendekeza kompyuta ipange. Sawa, lakini nani ataiamini kompyuta ya kijana ambaye mama yake yumo kwenye mchezo? Jibu ni kutumia kanuni inayoweza kukaguliwa na yeyote: chukua namba ya kuanzia, izidishe kwa 16807, gawa kwa 2147483647, chukua baki, baki hilo ndilo namba yako ya kwanza, nalo linaingia tena kwenye kuzidisha. Ukianza na 1 unapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073. Park na Miller waliisimamia kanuni hii mwaka 1988, na hata kipimo kipo: ukianza na 1, namba ya 10000 lazima iwe 1043618065. Isipokuwa hiyo, aliyeandika programu amekosea, au amekusudia.

Na hapa tena ni jirani. 16807 ni 7^5. Kwenye saa hii 7 inatembelea vyumba vyote 2147483646 kabla ya kurudi. Je, 7^5 nayo inatembelea vyote? Tazama vigawo vya jirani wa chini kwenye jedwali: 2, 3, 7, 11, 31, 151, 331. Hakuna 5. Kwa hiyo ndiyo. Wangechagua 7^3 ingetembelea theluthi moja tu, kwa sababu 3 imo.

Namba ya kuanzia iteuliwe mbele ya wote, kwa mfano kila mama ataje tarakimu moja. Kanuni hii haifichi kitu, mtu akiiona namba moja anaijua inayofuata. Kwa mchezo wa mtaani hiyo ndiyo sifa tunayoitaka. Kwa nywila ni balaa, usithubutu.

65537 kwenye alama za kidole ni ndogo mno. Ukiwa na vyumba 65537, ukigawia watu kwa bahati, wakifika 302 hivi kuna uwezekano wa zaidi ya nusu kwamba wawili wameangukia chumba kimoja. Sekondari moja tu inawazidi hao. Kwa 1000000007 kiwango hicho kinafika kwenye watu 37000 na zaidi, kwa 2147483647 ni zaidi ya 54000. Ila kuna mahali 65537 imejaa tele bila wewe kuiona: kwenye ufunguo wa wazi wa usimbaji wa RSA, njia ya kuficha ujumbe kwenye kompyuta. Namba hiyo kwenye biti ni 1, sufuri kumi na tano, 1. Kupandisha kitu kwa kipeo cha 65537 ni kuzidisha kila jibu kwa lenyewe, mara 16 mfululizo, kisha kuzidisha mara moja zaidi kwa kile cha mwanzo. Namba tasa za siri zenyewe, zile zinazofungwa ndani ya ufunguo, hazimo kwenye ulinganisho huu na haziwezi kuwamo: huwa na tarakimu mia tatu na zaidi, na zinaokotwa upya kwa kila ufunguo. Namba tasa iliyochorwa ukutani Ngamiani haiwezi kumfichia mtu siri.

Ukutani

Kuna waliotaka ile kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2^136279841 − 1, iliyotangazwa Oktoba 2024 na kupatikana na Luke Durant wa Marekani. Ina tarakimu 41024320. Nikawaambia waende steshenari waulize bei: ukiandika tarakimu 3000 kila ukurasa, unahitaji kurasa 13675, yaani rimu 14 karibu zijae, pande zote mbili za karatasi. Hoja ikafa. Faida iliyobaki ni swali dogo: tarakimu yake ya mwisho ni ipi? Vipeo vya 2 vinaishia 2, 4, 8, 6 kwa zamu. Gawa 136279841 kwa 4, inabaki 1, basi kipeo kinaishia na 2, ukitoa moja ni 1. Mtoto wa kidato cha 1 ameijibu.

2147483647 ukutani ina mvuto wa tarehe. Kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 zitafika kwenye namba hiyo Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwetu ikiwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, kisha zitafurika. Baadhi ya vijana wangu watakuwa na watoto shuleni siku hiyo. 1000000007 ukutani inaonekana kama bei ya kiwanja.

Ile ya Lucas ndiyo yenye sura. Ilishikilia rekodi kuanzia 1876 hadi 1951, na ina nasaba: 2^2 − 1 ni 3, 2^3 − 1 ni 7, 2^7 − 1 ni 127, na 2^127 − 1 ndiyo yenyewe. Tasa mzaa tasa, nilimwambia mama jirani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mabishano yaanze.

Kwa hiyo nimewagawia. Ubaoni tunaanza na 65537 kwa kipindi kimoja, halafu 2147483647 kwa Jumamosi mbili, na asiyehudhuria asije kudai kwamba ameithibitisha. Wenye programu watumie 1000000007 kama saa yao ya kila siku, na 2147483647 kwa kura ya akina mama, wakitumia biti 64 wakati wa kuzidisha na kujumlisha. Ukutani iende ile ya tarakimu 39.

Tumeshaupima ukuta kwa mkono, maana futi ya fundi imekatika. Una pima 5, yaani shubiri 40. Kila tarakimu tunaipa shubiri moja, bila mkato wala nafasi kati yake. Itabaki shubiri moja mwishoni, na tayari kuna wanaogombea waandike nini hapo.